Samaki wa dhahabu ana madoa, pamba au kidonda: maswali ninayoulizwa kila siku

Nafuga samaki wa dhahabu Ng'ambo, mjini Unguja. Mie si daktari wa mifugo. Ni mtu aliyeua samaki wengi kwa haraka ya kuwatibu, mpaka akajifunza kutulia. Simu yangu hujaa picha za samaki wagonjwa, zaidi kaskazi ikishika na maji ya tangi yakawa vuguvugu kama ya kumkogeshea mtoto. Maswali ni yale yale, basi nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake.

Asalaam alaykum kaka. Samaki wangu kaamka na madoa meupe. Nimtilie dawa gani?

Waalaykum salaam. Kwa leo usimtilie kitu. Punguza maji theluthi moja, mwongeze mengine yaliyolala ndooni usiku kucha, yenye joto lile lile. Pampu ya hewa iende mchana na usiku. Chakula mnyime. Kesho mtazame tena.

Sababu ni hii. Samaki amevikwa ute, ule utelezi unaokuponyoka mkononi ukimshika changu pale Darajani. Ute ndio ngao yake. Kuvu, bakteria na vimelea vingi vimo ndani ya tangi siku zote, vinangoja ngao hiyo itoboke. Kinachoitoboa mara nyingi ni amonia, sumu ya uchafu inayotoka kwenye mashavu ya samaki mwenyewe na kwenye chakula kinachooza chini. Ukimwua mdudu, amonia ukaiacha, wiki ijayo utanipigia tena.

Nitajuaje ni ugonjwa gani?

Kwa macho. Mtie ndani ya bakuli jeupe lenye maji ya tangi lake, mmulike kwa tochi ya simu ubavuni, si kwa juu.

Ukiona chembe kama punje za chumvi iliyosagwa, kila moja imekaa peke yake, zimeenea mkiani na mapezini, naye anajisugua kwenye changarawe, basi hicho ni kimelea cha vidoa vyeupe. Chembe haizidi milimita moja. Kimejichimbia chini ya ngozi na hapo hakuna dawa ya majini inayokifikia. Kikikomaa hudondoka, hujigawa huko chini kikawa mamia, na wale wadogo wanapoogelea kutafuta samaki ndipo dawa inapowapata. Kwa maji ya nyuzi 28, mzunguko wote ni siku nne hivi. Kwa hiyo madoa yakitoweka siku ya tatu usishangilie, yameshuka kuzaa. Tibu kwa chumvi siku kumi kamili, kipimo chake kiko chini.

Shungi za pamba ni kuvu. Kuvu haioti juu ya ngozi nzima, huota palipokwisha kufa: gamba lililong'oka, pezi lililochanika, kidonda cha zamani. Usishughulike na pamba ukasahau kilichomo chini yake.

Kuna utando mweupe au wa kijivu unaofanana na pamba, ila umelala bapa. Huanzia mdomoni, au humkalia mgongoni kama tandiko la punda. Huo ni wa bakteria, wanapenda joto, na ndio ninaouogopa kuliko wote hapa kwetu. Leo umemwona anakula, kesho unamwopoa. Watu wengine hushauriwa wapandishe joto la maji kwa kila ugonjwa. Kwa huu, joto ni kuuchochea moto. Mtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Donda jekundu la duara lenye ukingo mweupe nalo ni la bakteria. Uzi mwembamba unaoning'inia ubavuni ni mnyoo nanga, nitauzungumzia mbele. Kijidudu bapa kama gamba dogo linalotembea ni chawa wa samaki.

Na kuna lisilokuwa ugonjwa. Dume likifika wakati wa kuzaana hutoka vipele vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, vimejipanga vizuri. Bi mkubwa mmoja wa Kikwajuni alimwuguza dume lake wiki mbili kwa chumvi, kumbe mwenzake yuko mbioni kuoa.

Ametoka mabaka meusi. Ndiyo saratani?

La. Mara nyingi hapo ni ngozi inayopona baada ya kuungua na amonia. Kapime maji.

Kwani maji yetu yana nini? Mbona sisi tunayanywa?

Visiwa hivi vimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya kisima na ya mfereji yamepita kwenye chokaa hiyo, tazama ule ukoko mweupe ndani ya birika lako. Ugumu wenyewe haumdhuru samaki wa dhahabu, anaustahamili vyema kuliko maji laini. Lakini maji ya chokaa huwa na pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu wa maji: chini ya 7 ni machachu, juu ya 7 ni ya magadi), na humo amonia hubadilika tabia. Kwa kiasi kile kile cha amonia, sehemu iliyo sumu katika pH 8 ni karibu mara kumi ya ile ya pH 7. Maji yakipata joto, inazidi tena. Ndiyo maana mtu akisoma ushauri ulioandikwa kwa maji laini ya nchi baridi, akaufuata hapa neno kwa neno, samaki humfia naye hajui kosa lake.

Joto lina jengine. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba saba na nusu. Asili ya samaki huyu ni China, ambako alianza kufugwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na raha yake ni kwenye nyuzi 18 hadi 24. Hapa anaishi kwa kuvumilia. Basi mpe nafasi: lita 75 hivi kwa mmoja, tangi likae mbali na dirisha la jua la alasiri. Bakuli la duara lile la mezani ni la matunda.

Klorini ya maji ya mfereji hutoka ukiyaacha kwenye ndoo wazi saa 24, mapema zaidi ukiweka pampu ya hewa. Kipindi cha tahadhari ya kipindupindu hutiwa kwa wingi, visimani pia, basi wakati huo hata maji ya kisima yalaze. Na kama kisima chenu kiko karibu na pwani, yaonje kwanza. Yakiwa na chumvichumvi, hesabu ya chumvi nitakayoitoa hapa chini usiifuate nzima.

Chumvi ni kiasi gani, na ni chumvi gani?

Hapa nitakaa kidogo, maana chumvi ndiyo dawa yangu ya kwanza, na ndiyo inayokosewa kuliko zote.

Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji yaliyomzunguka. Kwa hiyo maji humwingia mwilini saa zote, na figo zake hazipumziki kuyatoa. Akipata kidonda, mlango umekuwa mkubwa zaidi. Ukiongeza chumvi kidogo kwenye maji, tafauti hupungua naye hupumua. Pia vimelea vingi vya ngozi havina ngozi nene ya kuistahamili. Donda la bakteria chumvi haitalimaliza, itampa samaki nguvu ya kupambana nalo.

Kiasi ni gramu 3 kwa lita, lakini zisitiwe kwa mkupuo. Gramu moja kwa lita leo, moja baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 12 nyengine. Tangi lenye maji lita 60 litachukua gramu 180 kwa jumla, yaani 60 mara tatu. Pima kwa mizani. Kijiko cha chakula cha chumvi laini kikisawazishwa ni gramu 18 hivi, ila chumvi ya mawe punje zake hazilingani na kijiko hukudanganya. Ikoroge kwenye jagi mpaka iyeyuke, imimine polepole mbali na samaki. Punje ikimwangukia mwilini humchoma.

Mie hutumia chumvi ya mawe ya Pemba, ile inayoanikwa juani, naisuuza haraka kuondoa mchanga. Ya pakiti yenye madini joto pia inafaa, kiasi cha ayodini kilichomo hakimdhuru.

Sasa kosa. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi haiondoki, imebaki yote tangini. Yale uliyoyakosa jaza kwa maji matupu. Ukichota lita 20 ukazimwaga, hapo ndipo unaporudisha lita 20 zenye gramu 60. Kijana mmoja alikuwa akiongeza "kijiko cha kila siku", akaniuliza kwa nini samaki amelala ubavu. Kwa hesabu yake mwenyewe alikwisha fika gramu 12 kwa lita.

Baada ya siku kumi, iondoe kwa kubadilisha robo ya maji kila siku mbili. Majani ya tangini yatoe kabla hujaanza, yatakufa.

Ya nini taabu hiyo? Si nimchotee maji ya bahari Forodhani?

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ukimtumbukiza humo hatoki mzima. Ukiyachanganya sehemu moja kwa kumi ya maji matamu unapata gramu 3 na kitu, hesabu imekubali, lakini umeyaleta na mafuta ya mashine na kila kiumbe kilichokuwemo. Chumvi kavu ni rahisi, na duka liko mlangoni.

Nimeambiwa nifungue kapsuli za tetrasaiklini nimwagie tangini. Inafaa?

Nilifanya hivyo. Nilikuwa na jike la mkia mpana, mweupe na wekundu kichwani kama kofia, akapata donda ubavuni. Muuzaji aliyeniuzia akaniambia kapsuli nane. Nikazifungua moja moja juu ya maji, ule unga wa njano ukashuka kama poda. Kesho yake maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi na povu la kutu juu. Siku ya nne tangi likanuka. Nikalitazama donda: limeanza kuziba, ukingo umetulia. Yeye mwenyewe yuko juu ya maji anameza hewa, na jioni akafa. Kwenye chujio kulikuwa na bakteria wema waliokuwa wakiila amonia, na baada ya zile kapsuli hakuwepo tena wa kuila. Amonia ndiyo iliyomwua.

Na uchungu ni kwamba hata hiyo dawa nilikuwa naipoteza. Tetrasaiklini hushikana na kalsiamu na magniziamu, na maji yetu yamejaa hayo. Sehemu kubwa ilishikwa na chokaa kabla haijamfikia samaki. Amoksilini nayo ni ya kundi la ampisilini, ambalo bakteria wanaosababisha madonda haya, Aeromonas, kwa kawaida hawalijali. Antibayotiki inapohitajika kweli hutolewa na daktari, katika chakula au kwa sindano. Kuimwaga ovyo ni kuwafundisha bakteria kuizoea, na hao bakteria hawabaki tangini.

Ile dawa ya zambarau je, pamanganeti?

Iache. Kwenye maji yenye pH ya juu huacha masizi ya manganizi yanayoganda kwenye mashavu ya samaki. Methilini bluu inafaa kwa kuvu, lakini katika ndoo ya pembeni, kamwe isiwe tangini: huua bakteria wa chujio, na silikoni ya vioo hubaki buluu mpaka uchoke kuitazama.

Paka alimkwaruza jana. Magamba matatu yametoka.

Paka wa mitaa yetu mnawajua. Hilo la magamba si la kutisha likishughulikiwa mapema, yataota tena.

Nunua duka la dawa ayodini ya kahawia, ile ya kusafishia vidonda, ya asilimia 10. Changanya sehemu moja na tisa za maji yaliyochemshwa yakapoa. Lowesha kitambaa laini kwa maji ya tangi, kitandike kwenye sinia. Mtoe samaki kwa mikono iliyolowa, mlaze, mfunike macho kwa ncha ya kitambaa. Utamwona ametulia papo hapo, mkia tu unapigapiga. Kichwa kikae juu kidogo kuliko mkia ili ayodini itiririke kuelekea nyuma na isiingie mashavuni. Gusa kidonda kwa pamba ya kijiti, hesabu mpaka ishirini, mwagie maji kidogo, mrudishe. Yote yasizidi dakika moja. Rudia kesho na keshokutwa, basi. Kila ukimtoa unamvua ute, na kuna watu wanaomtoa mara tatu kwa siku wakidhani ndiyo huruma.

Kisha chumvi gramu 1 hadi 3 kwa lita kwa wiki moja. Na mfuniko juu ya tangi, jamani.

Bibi anasema majani ya mkungu. Mwingine kasema mwarobaini.

Bibi hajakosea. Majani makavu ya mkungu, yaliyoanguka yenyewe yakawa ya kahawia, wafugaji wa samaki huko Asia wanayatumia tangu zamani. Yanatoa rangi ya chai na vitu vinavyozuia kuvu na bakteria kidogo. Yasuuze, jani moja kwa lita 40 hivi, litoe likianza kuoza. Usitegemee litashusha pH kwenye maji yetu ya chokaa, na donda kubwa halitibiki kwa jani.

Mwarobaini usithubutu. Ni sumu ya wadudu, na samaki haustahamili ukizidi hata kidogo, nawe huna njia ya kupima nguvu ya majani uliyoyachuma.

Ana kama uzi unaoning'inia. Niuvute?

Uvute, lakini akiwa amesinzia. Hapa ndipo visiwa vya karafuu vinapopata faida ambayo wenzetu wa nje huinunua kwenye vichupa vya bei. Mafuta ya karafuu, au ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kama yanayotengenezwa kiwandani Wawi, Pemba, yana yujenoli, na yujenoli humlaza samaki usingizi.

Mafuta hayachanganyiki na maji yenyewe. Tia matone kwenye chupa ndogo yenye maji ya vuguvugu, funga, tikisa kwa nguvu mpaka yawe meupe kama tui. Kipimo ni tone moja kwa kila lita ya ndoo. Baada ya dakika chache samaki hupoteza mizani na kulala ubavu huku mashavu yakiendelea kupiga. Mtoe, shika mnyoo kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu kufuata magamba yalikoelekea. Ukimshika nchani atakatika, kichwa kibaki ndani na kuoza. Gusa ayodini, mrudishe kwenye maji safi yenye hewa. Akichelewa kuzinduka, mpitishe mbele polepole majini ili maji yaingie mdomoni. Mashavu yakisimama ukiwa bado hujamaliza, acha kazi, mrudishe kwanza.

Wachanga wa mnyoo huyu wamo majini na chumvi haiwamalizi. Mkague samaki kila siku kwa wiki tatu au nne.

Umeme umekatika na niko katikati ya matibabu!

Chota maji kwa kata, yamwage kutoka juu kiasi cha dhiraa moja, mara hamsini, kila nusu saa. Lile giza la miezi mitatu Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nilikuwa na samaki wawili, nikawa nawaamkia usiku kama mwenye mtoto mchanga. Wote walivuka. Siku hizi pampu ya betri ipo.

Samaki wote walikuwa wazima. Waliokuja kupulizia dawa ya mbu walipoondoka, wakaanza kuruka na kujigonga vioo.

Hiyo ni sumu ya dawa, ngozi haina tatizo. Nyingi ya dawa hizo ni kali mno kwa samaki. Badilisha nusu ya maji haraka, kisha nusu tena. Wakija tena, kabla hawajapuliza zima pampu, funika tangi kwa plastiki, au litoe chumbani kabisa, na dawa ya kopo usiipulize chumba hicho.

Nimtenge mgonjwa?

Mwenye kidonda, ndiyo, kwa kuwa wenziwe watamdonoa. Mwenye vidoa vyeupe, hapana: tangi zima limeshaambukizwa, tibu tangi. Mgeni kutoka dukani mtenge kila mara, wiki tatu au nne kwenye ndoo yake na wavu wake. Kila janga lililowahi kuingia kwangu liliingia ndani ya mfuko wa plastiki.

Naweza kuambukizwa?

Mara chache. Kuna bakteria wa tangini, wa ukoo mmoja na wa kifua kikuu, wanaoingia kwenye mkono wenye mchubuko na kutoa uvimbe usiopona kwa wiki nyingi. Ukiwa na kidonda vaa glavu, na maji ya tangi usiyanyonye kwa mdomo kwenye mpira. Ukipata uvimbe kama huo, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, la sivyo hatalifikiria.

Si ni samaki wa shilingi chache? Ataishi miezi sita tu.

Anaishi miezi sita kwa sababu ya bakuli. Uingereza alikuwepo mmoja aliyeitwa Tish, alipatikana kama zawadi ya mchezo kwenye tamasha mwaka 1956, akafa mwaka 1999, miaka 43. Akitunzwa vizuri, kumi hadi ishirini ni umri wa kawaida.

Magamba yamesimama kama nanasi, macho yametoka, hali chakula. Kuna matumaini?

Machache sana. Hapo ugonjwa umeshaingia ndani, figo hazitoi maji tena. Mpe siku tatu au nne kwenye maji safi yenye chumvi kidogo. Akishindwa kabisa kusimama, mpumzishe. Mlaze kwanza kwa tone moja la mafuta ya karafuu kwa lita, na akishalala ongeza mpaka matone ishirini kwa lita. Mashavu yakisimama, mwache humo nusu saa nzima. Kumtupa kwenye barafu au chooni ni kumtesa.

Wanangu wanalia, wanataka tukamwachie mto Mwera akapone mwenyewe.

Hatopona, na vimelea vyake atawaachia samaki wa huko. Akipona ndiyo vibaya zaidi, atazaana. Kunguru waliletwa visiwani humu miaka ya 1890 kwa nia njema ya kusafisha taka, na mpaka leo tunawafukuza kwenye vyungu. Waambie watoto kuna pahala chini ya mpapai. Mchimbie shimo la kina cha mkono, paka asifukue, na maji ya ndoo yenye dawa yamwagwe mbali na kisima.